DokuWiki kwa maelezo ya kiufundi: nzuri, ila linda folda ya data

Kwa timu ndogo ya mafundi wa kompyuta inayotaka maelezo ya mifumo yake yakae mahali pamoja, DokuWiki, programu ya wiki (tovuti ambayo watumiaji huandika na kuhariri kurasa zake wenyewe) iliyoanzishwa na Andreas Gohr mwaka 2004, tunaipendekeza bila kusita. Haihitaji hifadhidata. Inataka seva yenye PHP (lugha ya kuandikia programu za tovuti) tu, na kila ukurasa ni faili la maandishi ndani ya data/pages. Wiki ikigoma kufunguka, faili hizo bado zinasomeka kwa kihariri chochote, pamoja na ukurasa wa namna ya kuiwasha upya. Kwetu hilo linazidi urembo wowote.

Kusakinisha ni rahisi: pakia faili, fungua install.php, jaza jina na nywila ya msimamizi, kisha ufute install.php. Wengi huteleza baada ya hapo. Kinga ya folda za ndani imeandikwa kwenye .htaccess, faili la mipangilio la seva ya Apache, na Nginx, programu nyingine ya seva, haisomi faili hiyo kabisa. Basi ukitumia Nginx, zuia mwenyewe folda za data, conf, bin, inc na vendor zisifunguke kwenye kivinjari. Kupima, ongeza /data/pages/wiki/dokuwiki.txt mwisho wa anwani ya wiki. Maandishi yakitokea, hata kurasa za siri ziko wazi kwa kila mtu.

Mmoja akihariri, ukurasa hufungwa kwa wenzake, kwa kawaida dakika 15. Matoleo ya zamani ya kurasa hukaa kwenye folda ya data/attic.

Kinachoudhi ni alama zake za uandishi: kichwa kikuu hutaka alama sita za = kila upande, kwa hiyo waliozoea Markdown, mtindo mwingine wa alama za uandishi, watalalamika. Wawekee kiongezi (plugin) cha Markdown.