Uzoefu wangu: wakaguzi waliohesabu mabati yangu siku ya mkesha

Sisi si kampuni kubwa. Ni mimi na kaka yangu, tunauza vifaa vya ujenzi Morogoro: stoo mbili na duka moja la mbele. Nondo, mabati, saruji, misumari, rangi. Kampuni imesajiliwa BRELA, mashine ya EFD ipo, VAT tunalipa, wafanyakazi kumi na wawili wanachangiwa NSSF. Mhasibu pia tunaye, binti mchapakazi anayeingiza kila kitu kwenye programu. Lakini kwa miaka mingi ukaguzi wa hesabu kwangu ulikuwa na maana moja tu: muhuri. Mwaka ukiisha unatafuta mwenye muhuri, unamlipa, unapeleka TRA kabla ya tarehe 30 Juni, unaendelea na biashara.

Mkaguzi wangu wa kwanza (nitamwita hivyo kwa heshima tu) nilipewa namba yake na mfanyabiashara mwenzangu. Laki nane, siku tatu. Hajawahi kukanyaga dukani. Alitaka taarifa za benki na jumla ya mauzo kwa WhatsApp, kisha akauliza swali ambalo najua wengi wenu mmeshaulizwa: "Mama, unataka ya benki au ya TRA?"

Yaani kitabu cha mauzo makubwa cha kuombea mkopo, au cha mauzo madogo cha kodi. Nilicheka. Nikachukua ya TRA, ambayo angalau ilitoka kwenye EFD. Mwaka 2023 tulipotaka mkopo wa milioni 150 wa kununua Fuso na kujaza stoo ya pili, nikarudi kwake kuchukua na ya benki. Kitabu kizuri, jalada la plastiki, kurasa thelathini, sahihi ya wino wa bluu.

Afisa mikopo aliniomba pia ritani za VAT za mwaka uleule. Akaziweka kando ya kile kitabu, akaweka kidole kwenye mstari wa mauzo huku, na kidole kingine kule. Tofauti ilizidi milioni mia mbili. Hakusema neno. Alinigeuzia karatasi zote mbili zinitazame, akasubiri. Halafu akafungua orodha ya NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi, ya walioruhusiwa kutoa huduma, tukatafuta jina lililokuwa kwenye muhuri. Halikuwemo. Siku hiyo nilitoka benki nikapita sokoni bila kununua kitu.

Kwa hiyo hawa wakaguzi ninaoandika habari zao leo niliwapata nikiwa nimeshaungua. Ni ofisi ndogo ya Dar es Salaam, mwenye nayo ni mama mmoja CPA, yaani mhasibu aliyefaulu mitihani ya bodi, na safari hii jina nililitafuta NBAA mwenyewe kabla ya kupiga simu. Bei: milioni sita na nusu, ongeza VAT asilimia 18, nauli na malazi ya vijana wake juu yangu. Nilijaribu kumshusha. Akasema, "Bei tunaweza kuongea kidogo. Siku za kazi siwezi kupunguza." Tulikubaliana sita na laki mbili. Kwenye malipo ya kwanza nilisahau kukata kodi ya zuio, ile asilimia 5 ya huduma za kitaalamu, na aliyenikumbusha ni yeye mwenyewe. Nikajua hapa pana mambo.

Kabla hata ya kusaini barua ya makubaliano aliuliza vitu nilivyoviona vya ajabu. Kuna ndugu yenu yeyote anafanya kazi kwangu? Kuna mtu wangu anawadai au mnamdai? Mkaguzi aliyepita ni nani, nimwandikie? Alimwandikia. Hakujibiwa mpaka leo. Kaka naye akaja na wazo lake: kwa kuwa tunalipa hela yote hiyo, basi hawa watu watutengenezee na vitabu kabisa, binti yetu apumzike. Yule mama akajibu kwa upole, "Kaka yangu, hatukagui tulichoandika wenyewe. Nikiandika mimi nikakagua mimi, nani atanikosoa?" Kaka hakufurahi. Kwake mtu ukishamlipa anakufanyia kazi unayotaka.

Sasa kuhesabu stoo. Mwaka wetu unaishia Desemba 31, na mwaka 2023 siku hiyo ilikuwa Jumapili. Nilidhani watakuja wiki ya kwanza ya Januari watu wakishapumzika. Walifika saa moja na nusu asubuhi, kijana na binti, viatu vya kazi miguuni, ubao wa kuandikia mkononi. Watu wanajiandaa na mkesha, mimi nafungua stoo.

Sikuwahi kuona mzigo wangu ukitazamwa vile. Wao hawahesabu, wanaohesabu ni watu wetu. Wao wanasimama, wanaangalia, kisha wanachagua wenyewe vya kurudia. Wakitoka kwenye karatasi kwenda kwenye mzigo, mara wanageuza, wanachukua kitu kilichopo sakafuni na kukitafuta kwenye karatasi. Niliuliza kwa nini mara mbili. Kijana akasema njia ya kwanza inaonyesha vilivyoandikwa lakini havipo, ya pili inaonyesha vilivyopo lakini havikuandikwa. Miaka kumi na moja ya biashara, hakuna aliyewahi kuniambia hilo.

Kwenye kona ya stoo ya pili kulikuwa na mifuko 64 ya saruji. Kwenye orodha ipo, thamani kamili. Yule binti akainama, akaugonga mfuko mmoja kwa kifundo cha kidole. Ukalia kama mlango. Akagonga wa pili, wa tatu. Bati la juu lilikuwa limevuja masika yaliyopita na hakuna aliyesema.

"Mzee, hii bado ni mali?" akamuuliza mzee wetu wa stoo.

"Ni mali, mwanangu," mzee akajibu, "ila huwezi kuichota."

Tulicheka wote, na mifuko 64 ikafutwa.

Mabati ndiyo yaliyoniumiza. Geji 28 kwenye kompyuta yalikuwa 412, chini yakahesabiwa 371. Mabati 30 yalipatikana maelezo: yalitoka tarehe 29 kwenda kwa mteja Kihonda, delivari noti ipo, lakini ankara na risiti tulikuwa tumepanga kuzitoa Januari mteja akishalipa. Wakasema mzigo umeshatoka na mteja ameshaupokea, hayo ni mauzo ya 2023, na kodi yake pia ya 2023. Mabati 11 yaliyobaki hayakupata maelezo mpaka leo. Sikumfukuza mtu. Nilibadilisha kufuli, na sasa kila kinachotoka kina sahihi mbili.

Kingine kilichonishangaza ni barua ya benki. Nilikwenda mwenyewe kuomba barua ya salio ili niwasaidie, nikawaletea imefungwa vizuri kwenye bahasha. Hawakuipokea. Walinitaka nisaini ruhusa tu, wakaiomba benki wao, na benki ikawajibu wao moja kwa moja. Nilihisi naitwa mwizi. Baadaye nilisoma habari za Wirecard, ile kampuni ya malipo ya Ujerumani iliyoanguka Juni 2020 ilipobainika kuwa yuro bilioni 1.9 zilizodaiwa kuwekwa benki huko Ufilipino hazipo, na benki zenyewe zikasema nyaraka ni za kughushi. Nikaelewa kwa nini bahasha iliyopita mikononi mwangu haina thamani kwao, hata kama mimi ni mtu mwema kiasi gani.

Tuje kwenye wadaiwa, maana hapa ndipo tulipogombana. Kuna mkandarasi tunamdai milioni 38 tangu 2022. Hadithi yake ni kwamba anasubiri kulipwa na halmashauri. Kwenye vitabu vyetu bado ni pesa. Wao wakauliza: barua ya kukiri deni iko wapi? Amelipa chochote miezi sita hii? Hakuna. Basi mtenge hasara, yaani mlihesabu kama pesa ambayo huenda hairudi. Faida yetu iliyokuwa inasoma milioni 96, ukichanganya na saruji, mabati na deni hilo, ikashuka kwa karibu milioni 40. Na kodi? Nilidhani nayo itashuka kwa kiasi hichohicho, asilimia 30 ya faida ndogo. Haikushuka hivyo. Deni ulilolitilia shaka tu TRA hawalikubali kama gharama mpaka uonyeshe umehangaika kulidai na limeshindikana, kwa hiyo linarudishwa kwenye hesabu ya kodi. Nililia kidogo ofisini, nisiseme uongo.

Na kaka. Kulikuwa na milioni 22 zilizoandikwa "gharama za ofisi" kwa vipande vipande vya mwaka mzima. Vijana wakaomba risiti. Zikakosekana. Mhasibu wetu akaniangalia, mimi nikamwangalia kaka, kaka akaangalia simu. Zilikuwa za nyumba yake. Najua kampuni ni yetu wawili, na wala sidhani kama aliona anaiba. Alichota kwenye mtungi wake. Lakini kwenye mahesabu ya mwisho zilitoka kwenye gharama zikaingia kwenye noti ya miamala na wahusika wa karibu: mkurugenzi anadaiwa na kampuni, kiasi hiki. Nusu ya hisa ni zangu, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuona kwa maandishi kwamba kuna pesa yangu kwenye tofali za mtu mwingine. Wiki tatu hatukusalimiana vizuri. Shemeji, yaani mume wa dada yetu mkubwa, ndiye aliyetuweka chini. Sasa kaka anarejesha kila mwezi.

Matokeo: sikupata hati safi. Nilipewa hati yenye shaka. Nilipiga simu kwa hasira, nimelipa milioni sita, nimefungua stoo siku ya mkesha, bado mnanitia doa? Yule mama akanisomea ule ukurasa taratibu. Mizania ya Desemba 2023 haina tatizo. Shaka ni ya mzigo wa kuanzia mwaka, ule wa Desemba 2022, kwa sababu hakuna mkaguzi aliyeuona ukihesabiwa, na mzigo wa kuanzia ukiwa na makosa basi na faida ya mwaka ina makosa. Hawezi kusema ameona kitu ambacho hakukiona. Kwa maneno mengine, zile laki nane nilizookoa kwa mtu wa WhatsApp zilinifuata mpaka kwenye kitabu kilichofuata.

Cha ajabu, benki haikushtuka. Afisa yuleyule alisoma sababu, akampigia mkaguzi kuthibitisha sahihi, akauliza habari za deni la kaka, na tukapewa milioni 120 badala ya 150. Mahesabu ya 2024 yalipata hati safi.

Sasa malalamiko, maana yapo. Waliahidi kumaliza Machi. Tulisaini wiki ya mwisho ya Juni, nikiwa napumulia mdomoni kwa sababu ya ritani ya TRA. Vijana walibadilishwa katikati ya kazi, na kila aliyekuja aliomba upya leja na mikataba niliyokwisha kuwapa wenzake. Mkataba wa pango wa stoo nimeutoa kopi mara nne. Barua yao ya mapungufu, kurasa kumi na moja, ilikuja kwa Kiingereza kitupu, wakati nusu ya mapungufu yenyewe ni kazi ya mzee wa stoo ambaye hasomi Kiingereza. Nilikaa naye jioni mbili kumtafsiria. Kwa bei ile walipaswa kuiandika kwa lugha ya watu wanaotakiwa kujirekebisha.

Na msitegemee watakamata kila mwizi. Mwaka jana nilimnasa dereva akinyonya dizeli ya Fuso, lita ishirini ishirini, karibu mwaka mzima. Nikawauliza mlikuwa wapi. Jibu: wao wanatoa uhakika wa kuridhisha, si wa asilimia mia, na wana kiwango ambacho chini yake kosa halibadilishi picha nzima ya mahesabu, kwetu kilikuwa kama milioni tisa. Dizeli ile haikufika milioni tatu. Jibu ni la kweli na limeandikwa kwenye mkataba niliousaini, ila halikunituliza. Dizeli sasa naipima mwenyewe.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimewanyima kwa ajili ya Juni na ile barua ya Kiingereza.

Wameshatuma bei ya mwaka huu, milioni saba na laki mbili. Nimejibu kwamba nakubali kwa masharti mawili: kijana atakayeanza ndiye amalize, na barua ya stoo iandikwe kwa Kiswahili. La pili wamekubali siku hiyohiyo. La kwanza wanasema wataangalia ratiba.