Lenzi za Zamani Kwenye Kamera ya Dijitali: Ipi Ununue Kwanza

Kabla hujasoma jina lililochongwa kwenye lenzi ya zamani, zungusha pete yake ya fokasi kutoka mwisho hadi mwisho. Ikizunguka laini, nzito kidogo, bila kukwama wala kucheza, hiyo inaweza kuwa lenzi yako. Ikiwa ngumu upande mmoja na legevu upande mwingine, irudishe, hata kama jina lake linasifiwa kila mahali. Lenzi hizi hazina mota. Kila picha utaifokasi mwenyewe, na lenzi inayochosha vidole utaiacha kabatini baada ya wiki chache, kioo chake kiwe kizuri namna gani. Ndiyo maana nafasi nilizozipanga hapa chini zinaanza na mkono, kioo kinafuata.

Tazama kwanza kamera uliyonayo

Kila aina ya kamera ina umbali wake maalumu kati ya mdomo unaopokea lenzi na sensa inayonasa picha, au filamu kwa zile za zamani. Lenzi za skrubu za M42, zilizotumika kwenye Praktica, Zenit na Pentax za zamani, zinataka umbali wa mm 45.46. Sony E ina mm 18, Nikon Z mm 16, Canon RF mm 20, Fujifilm X mm 17.7. Nafasi inayobaki ndiyo inayozibwa na adapta. Kwa lenzi ya M42 juu ya Sony E, adapta ni bomba tupu la chuma la karibu mm 27.5. Halina kioo ndani, kwa hiyo haliharibu picha hata chembe. Hii ndiyo sababu kamera zisizo na kioo cha kuakisi zinapokea karibu kila lenzi iliyowahi kutengenezwa kwa kamera ya filamu ya mm 35.

Kwa DSLR, yaani kamera za dijitali zenye kioo cha kuakisi, hesabu hubadilika. Canon EF ina mm 44, hivyo M42 inaingia kwa adapta nyembamba ya mm 1.5 hivi. Nikon F ina mm 46.5, yaani lenzi ya M42 hukaa mbali kuliko inavyotaka, na milima iliyo ng'ambo haitafika kwenye fokasi kamwe. Zipo adapta zenye kioo cha kusahihisha jambo hilo, lakini nyingi hulegeza picha, na sizipendekezi. Mwenye DSLR ya Nikon anunue Nikkor, lenzi za Nikon wenyewe. Na mwenye DSLR ya Canon asidanganywe na jina: lenzi za Canon FD zinataka mm 42, kwa hiyo hazifai kwenye DSLR zake za EOS, ingawa kampuni ni ile ile.

Halafu ukubwa wa sensa. Lenzi yenye urefu wa fokasi wa mm 50 (namba ikikua, lenzi huona eneo dogo zaidi na kulivuta karibu) kwenye sensa kamili ya mm 36 kwa 24 huona kama ilivyoona kwenye filamu. Kwenye APS-C, sensa ndogo kuliko hiyo, za Sony, Fujifilm au Nikon huona kama mm 75, na kwenye Micro Four Thirds, ndogo zaidi tena, kama mm 100. Lenzi ya kila kazi inageuka kuwa lenzi ya sura za watu. Si hasara, ila ujue kabla ya kulipa.

Nafasi ya kwanza: Super-Takumar 55mm f/1.8

Pete ya fokasi ya Takumar ndiyo ninayopimia nyingine zote. Asahi, watengenezaji wa Pentax, walizitengeneza kwa wingi miaka ya 1960, zote chuma na kioo, na iliyotunzwa bado inazunguka kana kwamba imepakwa asali. Unaweza kuisogeza kwa ncha ya kidole kimoja, ukiiacha inabaki pale pale. Inafokasi hadi cm 45 kutoka kwenye sensa, karibu vya kutosha kupiga ua au mkono wa mtu anayeandika. Kwa f/1.8, yaani tundu la kupitishia mwanga likiwa wazi kabisa (namba ikipanda, tundu hupungua), picha ina ulaini fulani unaopendeza usoni. Ukifika f/4 inakata vizuri hata kwa sensa zenye pikseli nyingi.

Pembeni mwake kuna swichi ndogo ya Auto na Manual. Iweke Manual. Ukiiacha kwenye Auto utazungusha namba za tundu kutoka f/1.8 hadi f/16 na tundu lenyewe litabaki wazi, kwa kuwa linasubiri kusukumwa na kamera ya filamu ambayo haipo. Watu huzirudisha lenzi nzima kabisa wakidhani zimekufa. Lenzi nyingine za M42 zina kipini tu cha kulifunga tundu, hazina swichi. Kwa hizo nunua adapta yenye ukingo wa ndani unaokikandamiza kipini.

Kaka yake, Takumar 50mm f/1.4, ni nzuri zaidi gizani, lakini toleo lake la vioo 7 lilitumia kioo chenye thoriamu, madini yenye mionzi hafifu, ili kuupinda mwanga vizuri zaidi. Kadiri miaka inavyopita kioo hicho hugeuka manjano kama chai. Baadhi ya 55mm nazo zina kasoro hiyo. Rangi ya picha hurekebishika kwenye kamera, na manjano yenyewe hupungua ukiiacha lenzi chini ya mwanga wa urujuanimno, wa taa au wa jua la dirishani, kwa siku kadhaa hadi wiki kadhaa. Usiifungue tu, wala usikikwangue kioo chake.

Nafasi ya pili: Canon FD 50mm f/1.4, au Minolta Rokkor 50mm f/1.7

Nimeziweka pamoja kwa sababu ushauri ni mmoja: kwa kamera isiyo na kioo cha kuakisi, chukua iliyo katika hali bora. Zote zina rangi safi na fokasi nyepesi. Canon inapata mwanga zaidi, Minolta ni ndogo begini. Adapta ya FD ina pete ya ziada ya kufunga na kufungua. Usipoizungusha upande wa kufunga, tundu halitii namba unazochagua.

Nafasi ya tatu: Helios 44-2 58mm f/2

Najua wengi wangeiweka juu kabisa. Helios ni lenzi ya Kisovieti iliyofuata muundo wa Biotar 58mm f/2 ya Carl Zeiss Jena, na ilizalishwa kwa wingi sana kwa ajili ya kamera za Zenit. Inatafutwa kwa jambo moja: nyuma ya mtu, majani na taa huonekana kama vinazunguka, mithili ya maji yanayoingia kwenye shimo.

Kinachotokea ni kwamba mwanga unaopita pembeni mwa lenzi hukatwa na kingo za pipa lake, hivyo nukta za mwanga zilizofifia, ambazo katikati ni duara, kwenye pembe za picha hubanwa zikafanana na mbegu za tikiti zilizojipanga kuzunguka kitovu. Hapo ndipo ilipo shida ya mnunuzi. Mzunguko uko pembeni, na sensa ya APS-C hukata pembeni. Ukiwa na kamera ndogo utabaki na lenzi ya kawaida na utashangaa sifa zote zile zilitoka wapi. Hata kwa sensa kamili unahitaji f/2, mtu aliye mita moja na nusu au mbili mbele yako, na nyuma yake, mbali kidogo, mti ambao mwanga unapenya katikati ya majani yake. Ukuta mtupu hauzunguki.

Ina pete mbili za tundu. Moja unaiweka kwenye namba unayotaka, kwa mfano f/4. Nyingine inateleza bila milio kutoka wazi hadi f/4 na kusimama hapo. Unafokasi tundu likiwa wazi, unaifunga kwa kidole, unapiga. Mfumo huu ni mzuri sana kwa mtu anayejifunza, kwani anaona kwa macho yake kina cha fokasi, yaani eneo linaloonekana kali, kikikua. Kilichoishusha hadi hapa ni pete ya fokasi. Grisi ya zamani hukauka, na Helios ngumu ni nyingi kuliko laini. Ukipata laini, na una sensa kamili, ipandishe nafasi moja.

Nafasi ya nne: Nikkor 105mm f/2.5

Kwa sura za watu, hii ndiyo bora kuliko zote nilizozitaja. Mpiga picha Steve McCurry aliitumia mwaka 1984 kumpiga yule msichana Mwafghani mwenye macho ya kijani aliyetokea kwenye jalada la National Geographic la Juni 1985. Inakaa ya nne kwa sababu si lenzi ya kuanzia: kwa mm 105, mtu akipumua fokasi imehama kutoka jichoni kwenda sikioni. Inunue baada ya mwaka mmoja na mm 50. Mwenye DSLR ya Nikon atafute toleo la AI, lililoanza 1977, au jipya zaidi, maana matoleo ya kabla yake yanaweza kuumiza mdomo wa baadhi ya kamera.

Lenzi pana za zamani, za mm 28 kushuka chini, sizipi nafasi. Pembe zake huwa dhaifu, na kwenye APS-C upana wenyewe unapotea.

Kuikagua

Niliwahi kununua lenzi kwa kuona picha tu, imeandikwa "safi kabisa". Ilipofika niliimulika tochi kutoka nyuma, nikaona nyuzi nyeupe zimetambaa ukingoni kama utando wa buibui. Kuvu. Ilisafishwa, lakini kuvu lilikuwa limeshakula tabaka la juu ya kioo, na hadi leo taa zote za usiku zinavuja mwanga kwenye picha zake.

Kwa hiyo tochi ni lazima, na lenzi iwe wazi kabisa. Vumbi kidogo lisikutishe, wala mkwaruzo mmoja mwembamba kwenye kioo cha mbele. Havionekani kwenye picha. Mkwaruzo kwenye kioo cha nyuma ni habari nyingine. Ukungu mweupe unaofanana na pumzi kwenye dirisha hupunguza utofauti wa mwanga na giza, uachane nao. Kisha funga na kufungua tundu mara kumi. Vibati vyake viwe vikavu. Vikimetameta mafuta, vitaanza kuchelewa. Kama muuzaji yuko mbali, omba picha ya tochi ikipita ndani ya kioo. Asiyetaka kuituma amekujibu.

Siku ya kwanza

Kwenye menyu, iruhusu kamera kupiga bila lenzi, kwa sababu haitaitambua. Kama sensa yako hutuliza mtikisiko, iambie urefu wa fokasi wa lenzi, 55 au 58. Weka modi ya A: tundu unalichagua kwenye lenzi, shatta inachaguliwa na kamera. Washa rangi inayopakwa kwenye kingo zilizo kwenye fokasi (focus peaking), lakini kwa f/2 usiiamini peke yake, kuza picha kwenye skrini hadi uone kope. Ukishafika karibu, acha pete, sogeza mwili mbele na nyuma taratibu, bonyeza kope zinapokata.

Na ununue kofia ya mpira ya kuzuia jua yenye nyuzi za skrubu za mm 49. Inaingia kwenye Takumar na kwenye Helios pia, na tabaka za zamani za kuzuia mng'ao juu ya kioo zinaihitaji.