Uzoefu wangu: kujaribu demo za gemu ndogo kwa laptopu ya kawaida hapa Mombasa

Mimi sinunui tena gemu ambayo sijaicheza kwanza. Trela hutengenezwa kwa kompyuta zenye nguvu na huonyeshwa zile sehemu nzuri tu. Maoni ya watu nayo mara nyingi huandikwa na wenye mashine ambazo sina. Demo, yaani kipande cha gemu kinachotolewa bure ili ukijaribu, ndiyo inayoniambia ukweli, kwa sababu naicheza hapa hapa mtaani kwetu Tudor, kwenye laptopu isiyo na kadi ya grafiki (kifaa cha kuchakata picha) ya peke yake, na kwa stima ninayoilipia mwenyewe. Nimejaribu demo nyingi za gemu ambazo bado hazijatoka, hasa zile zinazotengenezwa na watu wachache au na mtu mmoja peke yake, na nataka kuwaeleza mambo yalivyo kwa mtu aliye huku Pwani.

Demo nyingi nazipata Steam, duka la gemu la mtandaoni la kampuni ya Valve, wakati wa Steam Next Fest. Ni tamasha la wiki moja linalofanyika mara tatu kwa mwaka, kwa kawaida Februari, Juni na Oktoba. Lilianza 2019, likaitwa Steam Game Festival kwa muda, na jina la sasa likaja 2021. Gemu inayoingia ni lazima iwe haijatoka, na kila gemu hushiriki tamasha moja tu, kwa hivyo watengenezaji wengi hungoja hadi wawe na kitu cha kuonyesha. Hakuna malipo: unafungua akaunti, unapakua, unacheza. Miaka ya karibuni demo zimepita 2,000 kwa tamasha moja. Hakuna awezaye kuzimaliza hizo, na ukifuata tu zile zinazopigiwa kelele utaziacha nyingi nzuri.

Ninavyochagua mimi, sianzi na picha. Nashuka moja kwa moja hadi chini ya ukurasa, panapoandikwa mashine inayohitajika na nafasi itakayoliwa kwenye diski. Ikitajwa kadi ya grafiki kubwa, naiacha mapema nisijitie hamu bure. Ikiandikwa kuwa kadi iliyomo ndani ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, inatosha, hapo nasimama nikasoma zaidi. Tangu Julai 2024 Steam imeruhusu demo iwe na ukurasa wake na maoni yake yenyewe, na pia unaweza kuiweka kwenye maktaba yako bila kuipakua papo hapo. Mabadiliko hayo yamenisaidia sana. Sasa natafuta maoni ya watu wenye laptopu kama yangu, na wako wengi, kutoka Brazil hadi Ufilipino. Mmoja wao akisema gemu inakwama, namwamini kuliko jarida lolote.

Sasa nije kwenye joto, maana watu wa nchi za baridi hawaliandiki. Tamasha la Februari linatukuta katikati ya kaskazi. Laptopu ikipata moto, prosesa hupunguza kasi yake yenyewe ili isiungue. Unachokiona kwenye skrini ni hiki: mwanzoni gemu inateleza vizuri na unajiambia umepata. Baadaye kidogo feni ya ndani inaanza kuvuma, kibodi inakuwa ya moto upande wa kushoto, na mhusika anachelewa kuruka baada ya kubonyeza. Ndiyo maana sitoi uamuzi juu ya demo kabla haijanichezea nusu saa nzima. Nainua laptopu juu ya vitabu viwili ili hewa ipite chini, naielekezea feni ya chumbani, nashusha ukali wa picha kwenye skrini hadi 720, na kama gemu inaruhusu naifunga kwenye fremu 30, yaani picha 30, kwa sekunde. Fremu 30 zisizoyumba ni bora mno kuliko 60 zinazopanda na kushuka. Juni, upepo wa kusi ukivuma, laptopu hiyo hiyo hupumua na gemu za aina ile ile hukimbia bila taabu.

Kuhusu intaneti sina malalamiko makubwa. Nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilifika nchi kavu hapa Mombasa 2009, EASSy ikafuata 2010, na leo mitaa mingi ina faiba ya kulipia kwa mwezi. Anayetumia bando la simu ndiye anayepaswa kupiga hesabu, kwa sababu demo moja ya gigabaiti tano inaweza kulimaliza bando zima kabla hujaona hata menyu. Kwenye mipangilio ya Steam unaweza kuweka kikomo cha kasi ya kupakua ili wenzako nyumbani wasikatiziwe wanachotazama. Stima ikipotea katikati, upakuaji huendelea ulipoachia. Kuna na jambo jingine ambalo wengi hawalijui: tangu 2023 Steam inaweza kunakili gemu kutoka kompyuta moja hadi nyingine kupitia waifai ya nyumbani, bila kuivuta upya kutoka ng'ambo. Kwa nyumba yenye ndugu wawili wanaocheza, hiyo ni akiba ya kweli.

Katika demo zote nilizozijaribu, ya Dredge bado naitumia kama kipimo. Imetengenezwa na Black Salt Games, kikundi kidogo cha New Zealand, na gemu kamili ilitoka Machi 2023. Wewe ni mvuvi mwenye mashua ndogo kwenye visiwa usivyovijua. Unavua, unauza, unatengeneza mashua, na usiku ukikukuta baharini akili inaanza kukuchezea na unaona mambo. Mtu wa Pwani hahitaji kuelezwa hofu hiyo. Ila kilichonikamata si hofu, ni namna samaki wanavyopakiwa. Ndani ya mashua kuna visanduku, na kila samaki ana umbo lake: mmoja mrefu mwembamba, mwingine amejikunja, mwingine anakula nafasi ya wanne. Unamgeuza huku na huku mpaka aingie, kama mchuuzi anavyopanga samaki kwenye tenga asiache hata upenyo. Nilikaa muda mrefu nikipanga na kupangua shehena ili nisimwache samaki mmoja mkubwa, na jua likazama nikiwa mbali na gati. Mashua ni ndogo, tamaa ni kubwa, giza linaingia: kila kitu cha gemu hiyo kimo katika hali hiyo, na demo iliniwezesha kuihisi mwenyewe bila kunihubiria.

Balatro nayo niliijaribu kabla haijatoka tarehe 20 Februari 2024. Ni gemu ya karata iliyotengenezwa na Mkanada mmoja anayejiita LocalThunk, ambaye mpaka leo hajaweka jina lake hadharani. Inataka nafasi ya megabaiti 150 tu, kwa hivyo hata mwenye bando dogo hana kisingizio, na laptopu yangu haikupata moto hata kidogo. Unapanga mikono ya poka, unanunua karata maalumu ziitwazo Joker zinazobadilisha hesabu, na alama zinapanda mpaka zinatisha. Kwa wale ambao wazazi wao watauliza, na nyumbani kwetu waliuliza: hakuna pesa inayowekwa wala kushindaniwa humo. Ulaya waliiwekea umri wa miaka 18 kwa sababu ya poka, kisha 2025 rufaa ikakubaliwa na umri ukashushwa hadi 12. Ninachoisifia demo yake ni kwamba haikunichosha na maelezo. Niliingia, nikacheza, nikashindwa, nikaelewa kwa nini nimeshindwa.

Nyingi haziko hivyo. Wako watengenezaji wanaofungua demo kwa hadithi ndefu: ufalme ulianguka, mchawi aliamka, mzee anazungumza dirisha baada ya dirisha, na mpaka upewe upanga muda wako wa jioni umekwisha. Wengine wanaweka demo inayotaka kuunganishwa na seva ya mtandaoni muda wote, basi rauta ikizimika kwa kukosa stima nawe umetolewa, hata kama laptopu ina chaji tele. Hizo nazifuta palepale. Demo ni nafasi ya mtengenezaji kuniheshimu. Akinipa dakika thelathini zilizoshiba kisha akakata pale ninapotaka kuendelea, nitamkumbuka mwaka mzima.

Kipimo changu kingine ni mpwa wangu. Ana miaka tisa, anasoma Kiingereza cha shule, na hana subira na maandishi marefu. Nilimpa pedi ya kuchezea gemu ajaribu moja ya kurukaruka, ya wachoraji wawili tu, ambayo haina neno hata moja kwenye skrini. Alifika penye ukuta mrefu kuliko mruko wake. Akaruka, akaanguka, akaruka tena.

"Mjomba, hapa hapapitiki."

"Jaribu tena, mwanangu. Usiogope."

Chini ya ukuta ule hapakuwa na miiba wala shimo, ilikuwa ni nyasi tu, kwa hivyo kuanguka hakukumgharimu chochote. Katika kuhangaika akabonyeza mara mbili akiwa hewani, na mhusika akaruka mara ya pili. Akanigeukia macho yamemtoka. Hakuna aliyemfundisha. Aliyepanga ukuta ule, na nyasi zile chini yake, alijua kabisa anachofanya, na ufundi wa namna hiyo huwezi kuuona kwenye trela. Demo niliyompa baada ya hapo ilimrundikia vidirisha vya Kiingereza, akaniwekea pedi mapajani: "Mjomba, hii cheza wewe."

Kwa sababu hiyo nazifuatilia sana gemu zinazotujali kwa lugha. Tales of Kenzera: Zau, iliyotoka Aprili 2024, ina sauti za Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho. Aliyeiongoza ni Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya, na hadithi yake ya kijana anayemwomboleza baba imechota kwenye simulizi za Kibantu. Kusikia Kiswahili kikisemwa kwa uzito na wahusika wakuu, si kama pambo la nyuma, kulinigusa kuliko nilivyotarajia. Tangu hapo, kila fomu ya maoni ninayojaza naandika ombi la Kiswahili, angalau cha maandishi.

Na fomu hizo nawasihi mzijaze. Mwisho wa demo nyingi kuna kiungo cha kutuma maoni, na kwa kikundi cha watu watatu kila barua inasomwa. Msiandike "nzuri" au "mbaya" tu. Andikeni mashine yenu, ilianza kukwama wapi, mlipotea chumba gani. Niliwahi kuwaandikia watengenezaji fulani kwamba kwenye skrini ya inchi 14 maandishi yao hayasomeki. Walinijibu, wakaomba picha ya skrini, na toleo lililofuata la demo likaja na chaguo la kukuza herufi. Gemu ile haijatoka bado, na nitaichukua siku itakapotoka.

Jambo jingine lisilogharimu kitu ni kuiweka gemu kwenye orodha ya unazozitamani. Steam itakutumia barua pepe ikitoka au ikipunguzwa bei, na mtengenezaji naye anapata kujua kuna watu wanaomngoja.

Ukifika wakati wa kununua, bei kwetu Kenya huonekana kwa dola, basi angalia kiwango cha siku hiyo kabla hujabonyeza. Mimi hulipa kwa kadi ya Visa ya mtandaoni inayotolewa ndani ya M-Pesa tangu 2022, ambayo hukata pesa kwenye salio lako la M-Pesa. Na kama gemu kamili itakuwa tofauti na demo, Steam inarudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14 za kununua na ukiwa hujaicheza zaidi ya saa mbili. Tangu nianze kupitia demo kwanza, sijawahi kuhitaji kuomba.

Wenye kompyuta za zamani kabisa wajue kwamba Steam iliacha kuhudumia Windows 7 na 8 tangu Januari 1, 2024. Kwenu nashauri itch.io, tovuti iliyoanzishwa 2013, ambako gemu nyingi za majaribio zinachezwa ndani ya kivinjari bila kupakua programu. Celeste ya kwanza kabisa, gemu ya kupanda mlima iliyotengenezwa kwa muda wa siku nne tu, kabla gemu kubwa ya jina hilo haijatoka 2018, ipo huko na ni ya bure. Hata kompyuta ya saiba inaiweza. Tafuteni zile zinazochezwa kwenye kivinjari, chagueni za bure, na muanze na hiyo ya mlima.