AC ya invata ama ya kawaida kwa biashara Kisumu?
Kama una hoteli ama ofisi hapa Kisumu usiangalie bei ya duka peke yake. Ya kawaida ni rahisi kununua na fundi wa mtaa anaijua, lakini kompresa yake (ile pampu ya gesi ya kupoza) inawaka kwa nguvu zote, inazima, inawaka tena, na kila ikianza inavuta stima mingi. Invata inapunguza spidi ya kompresa chumba kikishapoa badala ya kuizima, na kwa hili joto la ziwa AC inanguruma mchana wote, hapo ndio bili inashuka kabisa. Halafu kuna zile regulesheni za 2016 za lebo za matumizi ya stima kwa vifaa, hakikisha AC ina lebo ya nyota ya EPRA (mamlaka ya kawi na petroli Kenya), nyota zikiwa mingi inakula stima kidogo. Mimi ningechukua invata, labda tu iwe ni chumba cha mikutano kinafunguliwa mara mojamoja, hapo ya kawaida yenye lebo inatosha.