TAHADHARI: "Leatherman" za elfu 95 zinazotumwa kwa basi

Wakuu, naandika hii nikiwa na bandeji kidoleni. Jina la muuzaji sitalitaja, maana hata yeye hana moja. Kwenye tangazo ana jina la kiume, nilipoingiza namba ya kutumia pesa likaja jina la mwanamke. Nikauliza, akasema ni shemeji yake. Hapo ndipo nilipotakiwa kuachana naye. Nikatuma.

Mimi ni fundi umeme, niko Morogoro. Kwa wasioijua, Leatherman ni ile plaizi ya kukunja inayokaa kiunoni au mfukoni, ndani ina visu, msumeno, tupa, mkasi na bisibisi. Kampuni yenyewe iko Portland, Marekani, tangu 1983. Ya kwangu ni modeli inayoitwa Wave, ya zamani, niliyopewa na mjomba, naye aliachiwa na mtalii enzi zake za udereva Arusha. Safari hii nilikuwa namtafutia saidia fundi wangu. Tangazo lilisema Wave+ (toleo la sasa la hiyo Wave) mpya, garantii miaka 25, shilingi 95,000, zimebaki mbili. Huko kwao inauzwa zaidi ya dola 100, hilo nalijua vizuri tu. Nikajidanganya kwamba labda zimekuja ndani ya kontena la mitumba.

Mzigo ulifika kesho yake. Boksi zuri, na mfuko wa kuvaa kwenye mkanda upo. Nikaifungua, nikabana midomo ya plaizi na kuielekeza dirishani: mwanga unapita katikati kama mlango wa choo cha stendi. Ile ya mjomba na uzee wake wote bado inang'oa unywele mmoja. Nikajaribu kukata waya wa shaba wa 2.5, yaani waya wa soketi za kawaida. Ulikatika mara ya tatu, na kwenye makali pakabaki pengo ambalo ukipitisha ukucha unanasa. Shaba imekishinda chuma! Kwenye Wave+ ya kweli makali hayo ya kukatia yameshikwa na skrubu, yakichoka unayabadilisha. Kwenye hii vichwa vya skrubu ni urembo, havifunguki.

Lakini kilichonimaliza ni kisu. Kikifunguka, kuna kibati kinaruka na kukaa nyuma yake, na hukikunji mpaka usukume hicho kibati kwa dole gumba. Hiki kililia "tak" vizuri kabisa, nikakiamini. Nikawa nachuna ganda la kebo, kikajikunja chenyewe juu ya kidole. Nyuzi tatu.

Nampigia, ananijibu: "Fundi, hukuitunza. Hizi zinataka mafuta." Siku ya kwanza tangu niipokee! Jamaa mmoja wa Dodoma aliyenunua kwake alijibiwa maneno hayohayo kisu kilipoota kutu. Ndio mlango wake wa kutokea, kukufanya ujione mzembe.

Sasa nieleze utunzaji, asije akamtisha mtu mwingine. Ya kwangu naiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, mswaki mkuukuu unaingia kwenye maungio, naikausha mpaka ndani, kisha tone moja la mafuta ya cherehani kila kiungo. Yanayozidi nayafuta, yakibaki yanakamata vumbi. Nafanya hivyo mara moja kwa mwezi, au siku hiyohiyo kama nimekatia ndimu au embe. Hata orijino ukiilaza na maji ya ndimu itatoa madoa, hilo sibishi. Ila hakuna mafuta yanayonyoosha midomo iliyopinda wala yanayokifanya chuma laini kiwe kigumu.

Wengine watawaambia mpime kwa sumaku. Haisaidii, visu vya orijino navyo vinanasa. Na ile garantii ya miaka 25 ni ya kiwanda kwa mali ya kiwanda, feki haihusiki hata ukiwa na karatasi nzuri namna gani. (Feki au orijino, mikono yake haina mpira wa kuzuia umeme. Zima swichi kuu kwanza, nawasema hasa vijana wangu.)

Kama mnanunua kwa mtu wa mbali, mwambieni arekodi video akikata waya wa shaba huku anataja tarehe ya siku hiyo. Mimi niliomba video, nikaletewa safi sana, haina sauti, na sasa naamini ile ilikuwa Wave ya kweli ya mtu mwingine. Pesa itoke ukishafungua boksi palepale ofisi ya mizigo. Muuzaji akikataa hilo, muacheni na mzigo wake.

Pesa yangu naihesabu imekwenda. Namba yake nimeipeleka 15040, ile ya kuripoti matapeli wa simu, na picha za mazungumzo ninazo, mwenye kesi kama yangu anicheki tuunganishe nguvu tuende polisi pamoja.

Mimi ameshaniblock. Lakini jana saidia fundi kanionyesha tangazo kwenye simu yake: jina jipya, picha ileile, kitambaa cha meza chenye maua mekundu na ncha ya dole gumba pembeni. Imepanda, sasa ni elfu 110. Zimebaki mbili.