Umeme kwenye misuli au kifaa cha kuvutia pumzi?

Mwenye ugonjwa sugu wa mapafu unaobana njia za hewa (COPD) hubaki na hewa iliyonaswa kifuani. Kiwambo, msuli mkuu wa kupumulia, husukumwa chini kikalala bapa, na nguvu yake ya kuvuta hupungua. Kuna njia mbili za kuimarisha misuli: kifaa cha kuvutia pumzi, au umeme.

Kifaa cha kuvutia pumzi hukaa kiganjani. Unabana pua, unafumba midomo juu ya kinywa cha plastiki, unavuta kwa nguvu mpaka vali ifunguke. Wengi hupangiwa pumzi 30 asubuhi na 30 jioni, springi ya vali hiyo ikikazwa kidogo kidogo. Inachosha, tena sana wiki za mwanzo, lakini msuli unaofanya kazi ni ule ule uliodhoofika.

Umeme hupitia pedi zilizobandikwa kwenye ngozi, tumboni au mapajani, na misuli hukaza yenyewe mgonjwa akiwa amelala. Mwenye betri ya moyo (kifaa kinachoongoza mapigo) asijaribu bila daktari wake.

Anayeweza kuketi na kuvuta, ningempa kifaa. Umeme ningemwekea yule ambaye hatua chache hadi mlangoni zinamkata pumzi, nikianza na mapaja, maana huko ushahidi una uzito zaidi kuliko kwenye misuli ya kupumulia.