Nimeliona sefu la siri ya Coca-Cola kule Atlanta

Ukifika Atlanta na wewe ni mtu wa soda, nenda World of Coca-Cola, jumba la makumbusho la soda hiyo. Ila usiende kwa ajili ya sefu peke yake. Nenda ukajue soda hii ilitoka wapi, kisha ukaionje upya.

Sefu lenyewe ni mlango mkubwa wa chuma unaoutazama kwa mbali. Kilichonishika ni safari ya karatasi iliyomo ndani. Mwaka 1919 Ernest Woodruff na wenzake waliinunua kampuni kwa dola milioni 25. Walikopa, na fomula ikaandikwa karatasini ili iwe rehani. Soda kuwekwa rehani kama shamba la minazi! Ikakaa benki New York mpaka deni lilipolipwa mwaka 1925, ikarudi Atlanta katika benki nyingine, na Desemba 2011 ndipo ikahamishiwa hapa.

Nje ya jengo kuna sanamu ya John Pemberton ameinua glasi. Huyu ndiye aliyeibuni, na kisa chake kinaumiza. Alikuwa mfamasia aliyejeruhiwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, akaishia kutawaliwa na mofini, dawa ya maumivu inayolevya. Alianza na mvinyo uliotiwa majani ya koka. Pombe ilipopigwa marufuku Atlanta akautoa mvinyo, akatengeneza sharubati ya kuchanganywa na maji ya gesi. Mei 1886 ikaanza kuuzwa Jacobs' Pharmacy, glasi senti 5. Jina, na yale maandishi ya mkono tunayoyajua sote, ni kazi ya mtunza hesabu wake, Frank Robinson. Pemberton alifariki 1888, haki zake ameshaziuza kidogo kidogo, na mali yote ikaja kuonekana mikononi mwa mfanyabiashara Asa Candler. Kokeini nayo, iliyotokana na yale majani ya koka, iliondolewa mwanzoni mwa karne ya 20.

Sasa ladha. Mwaka 1979 gazeti moja la Atlanta lilitoa picha ya ukurasa wa daftari la zamani lenye mapishi yanayohusishwa na Pemberton: mafuta ya chungwa, ya limau, ya kungumanga, ya mdalasini, ya giligilani, na ya maua ya mdanzi. Kampuni inakana kwamba hiyo ndiyo fomula yake. Mimi nimekulia Unguja, viungo hivi navijua tangu jikoni kwa bibi, na nasema bila wasiwasi kwamba mdalasini na kungumanga navisikia humo. Tatizo letu tunainywa ya baridi kali mno, ulimi unakufa ganzi. Iache glasini ipungue baridi na gesi, kisha uishike mdomoni kabla ya kumeza. Limau hutangulia, mdalasini unafuata, na kungumanga hubaki nyuma kooni. Tangu nimeijaribu hivyo sirudi kwenye barafu.

Chumba cha kuonjea kina soda za nchi nyingi, nacho pekee kinatosha kulipia kiingilio. Beverly ya Italia ni chungu hasa. Watoto wataitema, wapenda shubiri wataomba tena. Tiketi nunua mapema mtandaoni, na usile sana kabla ya kuingia, maana glasi ni ndogo lakini zinajazwa kadiri utakavyo.